Pesa Iliyopigwa Kufuli

Bamenda, 17 Aprili 2025

Mwanangu Lum,

Pokea salamu za kila mtu aliyepita dukani leo, na walikuwa wengi, maana Jumapili ni Pasaka na kila mwanamke anataka gauni lake liwe limeshonwa jana. Mimi mzima, ila kiuno. Mama yako mguu umepungua uvimbe, ameanza tena kwenda shamba. Nimemkataza, na unajua dada yangu Bih: ukimkataza kitu ndiyo umemtuma.

Utashangaa mbona naandika barua kama watu wa zamani. Simu yangu imeharibika, haisikiki mpaka niweke sauti ya nje, na hapa dukani nina wasichana wanne wanaoshona kwa mikono na kusikiliza kwa mwili mzima. Juzi uliponiambia umepata kadi ya benki, sijafika hata nyumbani Ma Neng alikuwa ananiuliza kama utamnunulia mwanawe kompyuta. Ma Neng huyu huyu mwenyekiti wetu! Kwa hiyo mambo ya pesa tuandikiane. Tumia sanduku la posta la parokia.

Njangi yetu inakwenda. Kina mama ishirini, laki moja moja ya faranga kila mwezi, anachukua mmoja. Mimi kwa kuwa zamu yangu nilikwisha kuichukua kwa ajili yako, sasa nimebaki kutoa tu, basi ile laki uliyoahidi kunisaidia kila mwezi usiicheleweshe. Wamenichagua tena kutunza mfuko wa shida, ule wa ugonjwa na msiba. Mwaka wa saba huu. Tutauhesabu mbele ya wote Jumapili ya pili ya Desemba, kama kawaida.

Sasa jambo lenyewe. Ile milioni saba na laki nane waliyoipiga kufuli benki huko Ujerumani ili upate viza: mbili zilikuwa zamu yangu, mbili na laki nane ni bei ya shamba la kahawa la marehemu baba yako, na tatu ni akiba yangu. Nimeelewa ulivyonieleza, kwamba Wajerumani wanazishika mwaka mmoja kisha wanazirudisha. Ni sawa. Hata sisi mwanamke mgeni akitaka kuingia njangi tunamwambia aweke kitu kwanza, tukimwona mwaminifu mwaka ukiisha tunamrudishia chote. Watu ni walewale.

Shamba na zamu yangu vingoje. Ila hizo tatu nazitaka mkononi kabla ya hiyo Jumapili ya Desemba. Najua mwaka wao unaisha Machi. Waombe wafungue mapema kidogo. Wewe una ulimi mzuri, ndiyo maana tulikupeleka wewe.

Kula vizuri. Usikonde ukatuaibisha.

Mama yako mdogo,
Manka


Magdeburg, 25 Mei 2025

Mama mdogo Manka,

Barua yako imesafiri wiki tano. Mimi nilitumia siku moja, kwa hiyo nimekushinda. Shikamoo nyingi kwako, na kwa Mama, mwambie mguu si jembe, aupumzishe. Wasichana wa dukani wasalimie kwa sauti ya nje.

Mimi sijambo. Nina chumba kwenye bweni, ghorofa ya nne, jikoni tunatumia watu sita. Jirani yangu anaitwa Nino, anatoka Georgia. Ananifundisha kununua vitu vya kibandiko cha rangi ya machungwa, maana yake vinaisha muda leo na vimepunguzwa bei. Nilipika njama-njama, mboga yetu ya nyumbani, kwa spinachi ya barafu. Ilikuwa kijani, tuishie hapo.

Wajerumani wakitaka pesa hawapigi simu, Mama mdogo, wanaandika barua kama wewe. Ya kwanza ilikuwa ya bima ya afya, nalipa kila mwezi hata nisipopiga chafya. Ya pili ya chuo. Ya tatu ilinidai ada ya redio na televisheni. Nikaenda kwa Nino na karatasi mkononi: "Lakini mimi sina televisheni, wala redio sina!" Akacheka mpaka akakaa chini. "Una chumba? Basi lipa." Dhamana ya chumba ilikuwa kodi ya miezi mitatu, nimeikopa kwa Mkameruni mmoja wa mwaka wa tatu, namlipa polepole.

Nimepata kazi ya kusafisha vyumba hotelini, siku tatu kwa wiki. Msimamizi, Bi Krause, hupitisha kiganja juu ya shuka nikimaliza. "Kamerun," ananiita, "hapa pamelala ng'ombe?" Natandika upya. Laki yako ya Mei umekwisha kuipata.

Kuhusu ile ya kufuli, nimesikia. Mambo hapa yana taratibu zake na kila jambo lina dirisha lake. Nitakuambia.

Darasa la haidroliki ni gumu lakini nalipenda. Mwalimu alituonyesha jinsi maji yanavyopandishwa mlima bila pampu, nikawaza kilima chetu pale Ntarinkon na ndoo zote nilizobeba.

Wako,
Lum


Bamenda, 29 Juni 2025

Lum mwanangu,

Salamu za nyumbani zikufikie ukiwa umeshiba. Mvua inanyesha kama imelipwa. Jumatatu mji unafungwa kama kawaida kwa amri ya wapiganaji, hatuuzi, na Jumanne wanakuja wote kwa pamoja wanagombana. Mama yako mzima. Amesikia unajifunza kupandisha maji mlimani, sasa anawaambia watu utaleta bomba hadi mlangoni kwake. Nimemwambia anyamaze, hajanyamaza.

Ma Azah yule muuza mawese, unamkumbuka, mwenye kucheka mpaka kilemba kinaanguka, amekonda. Analalamika tumbo. Anasema ni mawese mabaya ya jirani. Tunamcheka, naye anacheka.

Nimesoma barua yako mara tatu. Umeandika ukurasa mzima kuhusu ada ya redio, na kuhusu milioni tatu umeandika mistari miwili. Nitakuambia. Utaniambia lini? Mimi nakuuliza jambo moja tu: je, umewaomba, na wamesemaje? Mtu mzima hujibu ndiyo au hapana.

Usidhani nakusukuma kwa tamaa. Nisingekuuliza kama nisingekuwa na sababu.

Mama mdogo,
Manka


Magdeburg, 3 Agosti 2025

Mama mdogo mpendwa,

Nakuamkia. Pole kwa mvua, na pole kwa Ma Azah, mwambie aende hospitali aache kumsingizia jirani. Huku ni joto la kuunguza na hakuna aliye na feni. Mitihani imekwisha. Ya hisabati nimefanya, ya haidroliki nimefanya, majibu bado.

Hotelini nimepumzika kidogo. Kuna sheria ya siku ngapi mwanafunzi mgeni aruhusiwe kufanya kazi kwa mwaka, na lazima nizihesabu vizuri. Usijali, natafuta nyingine. Laki ya Julai nilituma pungufu, samahani, ya Agosti nitajaliza.

Naokota chupa. Usimwambie Mama. Hapa ukirudisha chupa dukani wanakupa sarafu, na Jumamosi watu wanakunywa kando ya mto kisha wanaziacha wima kando ya pipa, kwa heshima, ili mwokotaji asichafuke. Jumamosi iliyopita mzee mmoja alinitangulia kwenye mapipa yote. Nikamfuata nyuma hatua ishirini, nikijifanya natembea.

Uliuliza ndiyo au hapana. Bado nazungumza nao.

Lum


Bamenda, 7 Septemba 2025

Lum,

Hatujambo.

Unazungumza nao tangu Aprili. Hata ndoa hupangwa kwa muda mfupi zaidi.

Ma Azah amelazwa. Wamemwona ana uvimbe tumboni, anatakiwa apasuliwe, milioni moja na laki mbili. Wanawe wamepata laki tatu. Jumapili iliyopita, kabla hajalazwa, walikuja nyumbani kwangu, yeye na binti yake mkubwa, wameshikana mikono. Nikawapikia achu, magimbi nimeyatwanga mwenyewe. Hakula, aligusa tu mchuzi wa njano kwa ncha ya kidole ili asinivunjie heshima.

Nijibu, mwanangu. Nakuomba kama wewe ndiye mkubwa na mimi ndiye mtoto.

Manka


Magdeburg, 1 Oktoba 2025

Mama mdogo,

Salamu zangu ni zilezile, ila leo nitazifupisha, kwa sababu nikianza kusalimia nitapata pa kujificha.

Ile pesa hairudi. Sijawahi kuwaomba chochote, kwa kuwa hakuna wa kumwomba. Serikali yao haikuichukua, wala haikuiweka ili kutupima uaminifu kama mnavyofanya njangi. Inataka tu kuona kwamba mwanafunzi ana chakula cha mwaka mzima. Kila tarehe moja benki inanifungulia yuro mia tisa tisini na mbili, sehemu moja ya kumi na mbili, na hiyo ndiyo kodi yangu, bima yangu, mkate wangu, na ile laki yako. Naila. Tangu Aprili naila, Mama mdogo. Machi itakuwa imekwisha yote, na wao watataka niweke nyingine kama ile, ndipo wanipe kibali cha mwaka wa pili.

Nilijua kabla sijaondoka. Siku ile dukani kwako, karatasi za viza ziko juu ya mashine, ulinitazama ukaniuliza, "Kwa hiyo wanaishika tu, halafu wanairudisha?" Nikasema ndiyo, wanairudisha. Nilikuwa na maneno mengine mdomoni: wanairudisha kwangu, kidogo kidogo, niile. Ulikuwa umekwisha kufurahi. Ulivua miwani ukasema, "Basi hakuna tunachopoteza." Nikaogopa kwamba nikimalizia sentensi yangu sitasafiri. Hiyo ndiyo dhambi yangu, nimeiandika kama ilivyo.

Nilidhani nitaiziba mwenyewe. Niliweka hesabu kwamba nikisafisha vyumba siku tatu, na likizo siku tano, Desemba nitakuwa na milioni zako tatu na hutajua kamwe. Sikupumzika hotelini, nilifukuzwa. Walikuwa wanatulipa kwa chumba badala ya saa. Vyumba kumi na vinne, mchana kutwa, kwa mshahara wa saa nne. Nilimuuliza Bi Krause saa nyingine zimekwenda wapi. Akaniambia, "Zimekwenda kwa aliye mwepesi kuliko wewe, Kamerun." Wiki iliyofuata jina langu halikuwa kwenye ratiba ya ukutani. Mishahara ya miezi miwili bado wanayo. Nilichokuwa nimeweka kilikwenda kulipa deni la dhamana, maana yule Mkameruni naye ana mama yake.

Na haidroliki nimefeli. Wakati wenzangu wanasoma mimi nilikuwa natandika.

Naona aibu kiasi kwamba siendi hata jikoni mpaka wenzangu watoke. Akiba yako ya miaka yote nimeila, nami sina hata cheti cha kuonyesha. Nitukane utakavyo. Nitakulipa, ila Desemba sitaweza.

Lum


Bamenda, 19 Oktoba 2025

Mwanangu,

Barua hii nampa Padre Tatah anayesafiri kesho kwenda Paris, ataitia posta ya huko ikufikie upesi. Usitafute salamu, hazimo.

Nilitaka kukutukana. Niliketi na karatasi tangu misa ya asubuhi mpaka adhuhuri, nikatafuta mahali pa kuanzia, kila nilipopagusa nikakuta pananihusu mimi.

Zile tatu hazikuwa akiba yangu. Mimi akiba niitoe wapi, kwa kushona gauni za elfu nane? Zilikuwa za mfuko wa shida. Nilizitoa Januari, wiki tano baada ya kuhesabu, ulipokuja unalia kwamba ubalozi umekupa siku kumi. Nikajiambia: zimelala tu, zikilala kwangu au zikilala kwa Wajerumani ni kulala tu, Desemba nyingine zitakuwa zimerudi na hakuna atakayejua. Uliposema wanairudisha, nilisikia nilichotaka kusikia. Wala sikukuuliza mara ya pili.

Sasa Ma Azah. Ameandikiwa na mfuko laki tisa, Ma Neng ametia sahihi, kilichobaki ni mimi kutoa. Nimemwambia binti yake ufunguo umevunjikia kwenye kufuli la sanduku la mfuko. Nimemwambia fundi anakuja. Nimemwambia fundi amefiwa. Jana alikuja peke yake akasimama mlangoni, hakuingia. Akasema, "Ma Manka, tuvunje tu. Nitaleta nyundo." Nikamjibu kwamba mfuko wa kina mama hauvunjwi kwa nyundo. Nilisema hivyo, Lum, kwa ukali, kama mtu mwenye haki.

Mashine yangu kubwa nimeitangaza, hakuna mnunuzi. Nimejaribu wakopeshaji wawili, wanataka hati ya nyumba na nyumba si yangu.

Fanya chochote. Sijui huko watu hufanya nini. Chochote.

Manka


Magdeburg, 6 Novemba 2025

Mama mdogo,

Padre ametimiza, barua ilifika tarehe ishirini na tisa. Nimekupigia simu mara nyingi, haipatikani. Basi naandika, na huenda pesa ikakufikia kabla ya maneno.

Iko njia moja. Mwanafunzi akiacha masomo na kuondoka nchini kabisa, kilichobaki kwenye kufuli anapewa chote. Ya Novemba sijaigusa, kodi nimewaambia wakate kwenye dhamana. Pamoja na miezi minne iliyobaki na nauli ikitoka, zinafika milioni tatu kasoro elfu kadhaa. Nilipoona hesabu hiyo nilicheka peke yangu.

Jumatatu nilikwenda idara ya wageni. Mama mmoja wa makamo, miwani kwenye kamba, alipokea karatasi zangu akazitazama kwa muda.

"Una hakika? Una mtihani mmoja tu wa kurudia. Ukishajiandikisha kuondoka, siwezi kukurudisha kwenye orodha."

"Nina hakika."

"Nyumbani kuna shida?"

"Kuna mgonjwa."

"Mama yako?"

Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Akaniandikia barua ya benki, akapiga mhuri, kisha akatoa peremende kwenye droo akaniwekea juu ya karatasi. Nimeondolewa kwenye daftari la chuo na la mji. Kibali changu kinakwisha tarehe kumi na tano Desemba. Ndege ni tarehe kumi na mbili, natua Douala, kesho yake nitakuwa nimefika Bamenda. Kuhesabu kwenu ni tarehe kumi na nne. Nitakaa nyuma na Mama, tutakutazama ukihesabu.

Benki wamesema wiki tatu. Zikiingia asubuhi, mchana nitakuwa nimezituma. Mshike Ma Azah wiki tatu. Mwimbieni, mchekesheni.

Jana nilipita chuoni kurudisha vitabu. Ukumbi wa haidroliki ulikuwa wazi, mwalimu anafundisha, nikasimama kwenye korido nikasikiliza mpaka mwisho. Nilielewa kila kitu. Hilo ndilo lililoniliza.

Lum wako


Bamenda, 9 Novemba 2025

Lum,

Ma Azah amefariki Jumapili iliyopita. Tumemzika jana.

Simu nimeizima. Kuna watu nisiotaka kusikia sauti zao, na wewe umo, kwa sababu ya haya nitakayokuandikia.

Jumatano, siku ya matanga, kina mama wote walikuja. Mfuko hutoa pia cha mazishi, unajua. Ma Neng akasema mbele ya watu, "Manka, leo nenda kalete sanduku, likiwa na ufunguo au bila ufunguo." Nikalileta. Binti wa marehemu alikuwa na nyundo, Lum. Kumbe alikuwa amekuja nayo kwenye matanga ya mama yake. Akapiga mara mbili likafunguka, ndani mna daftari tu na rababendi.

Ma Neng akaniuliza taratibu, kama anauliza bei ya kitambaa: "Ziko wapi?"

Nikasema umeziiba wewe. Nikasema Januari ulikuja kunitembelea, ukalala chumbani kwangu, asubuhi ukaondoka na ufunguo ukarudisha jioni, na mimi sikugundua mpaka wiki ile, nikakaa kimya kuficha aibu ya ukoo. Maneno yalitoka yamepangana vizuri, kana kwamba niliyapanga zamani. Labda niliyapanga.

Wameamini. Binti wa Ma Azah alichukua udongo akautemea mate, akataja jina lako lote. Ma Neng amesema ukikanyaga Bamenda watakupeleka polisi wenyewe kwa miguu, na mimi nikalia chini, wakanipangusa uso.

Mama yako alikuwepo. Hakunitetea wala kukutetea. Alifunga khanga yake, akatoka, akaenda nyumbani kwa mguu ule ule mbovu. Tangu siku hiyo haongei na mtu, nampelekea chakula anakiacha mlangoni.

Hukumu yangu Mungu anayo. Lakini fikiri kidogo na wewe. Mimi nina duka hili, mtaa huu na kina mama hawa, sina kwingine. Wewe una chumba, una shule, una nchi nzima ambako hakuna amjuaye Ma Azah. Jina lako likichafuka hapa, huko halikupunguzii mkate. Kaa huko. Soma. Usirudi kwa miaka, acha wasahau. Ukiwa mhandisi utakuja na gari watakushangilia, ndivyo watu walivyo.

Nisamehe au usinisamehe, ila usirudi.

Manka


Magdeburg, 8 Desemba 2025

Mama mdogo,

Hujambo. Nauliza kwa kweli, sijui kama hujambo.

Barua yako ilifika tarehe nne, nikiwa nafunga sanduku. Pesa ilikuwa imekwisha kuondoka. Niliituma tarehe ishirini na sita Novemba, ujumbe wa namba ukaingia kwenye simu yako, na wakala ameniandikia kwamba ilichukuliwa kesho yake saa nne asubuhi, na aliyeichukua alionyesha kitambulisho cha Manka. Siku kumi na moja leo. Hukupiga simu. Hukuniuliza nimeipata wapi. Barua yangu ya tarehe sita nayo sasa umekwisha kuisoma, kwa hiyo unajua nimeacha masomo na ndege ni lini, na bado umenyamaza. Sikuulizi umeifanyia nini. Kama umeirudisha kwenye mfuko, wape kwanza watoto wa Ma Azah laki zao tisa. Kama hujairudisha, sina la kukufanya.

Unaniambia nikae. Sina pa kukaa. Chumba changu tayari kina Mvietinamu, nimelala kwa Nino sakafuni siku nane. Tarehe kumi na tano nikionekana mtaani hapa nitakuwa mtu asiye na ruhusa. Nilikwenda tena kwa yule mama mwenye miwani kumuuliza kama inawezekana kurudi nyuma. Alinikumbuka. Akasema, "Nilikuuliza kama una hakika." Hakusema kwa ubaya. Nilimwambia mgonjwa amekufa. Akasimama akanipa mkono, akanipa pole ya Mama.

Kwa hiyo nitapanda ndege hiyo tarehe kumi na mbili, na nikishuka Douala sitapanda basi la Bamenda. Kuna msichana niliyesoma naye sekondari, ana saluni Bonabéri, hapohapo Douala, amesema naweza kulala kwake mpaka Krismasi. Baada ya hapo sijui. Nimekaa na neno hilo siku nne, na kila asubuhi nikiamka liko palepale: sijui.

Sitakukanusha mbele ya kina mama. Waache waamini. Nilikudanganya kwa sentensi moja ambayo sikuimalizia, na wewe ukanidanganya, na Ma Azah akafa katikati yetu akigusa mchuzi kwa kidole. Anayetaka kunilaani hajakosea sana. Ni kweli nimekula pesa ya wagonjwa, ada ya redio ya Wajerumani imelipwa kwa pesa ya wagonjwa. Jina langu lichukue, ulitumie upendavyo.

Lakini Mama sikupi.

Nimempigia mara kumi na saba. Simu inaita mpaka inakatika. Angekuwa anajua kusoma ningemwandikia yeye, nisingekuandikia wewe tena hata mstari. Hajui kusoma. Tangu nikiwa bwenini sekondari, kila neno nililowahi kumwandikia limepita mdomoni mwako, na sikuwahi kuwaza kama ulikuwa unaruka mahali.

Chukua barua hii uende kwake. Akikufungia mlango, kaa nje uisome kwa sauti, asikie akiwa ndani. Soma na ile ya Oktoba yangu, pale niliposema nilijua. Msomee na zako mbili, ya Oktoba na ya Novemba, kama bado unakumbuka uliandika nini, nami ninazo, nitazileta. Ukifika mahali panapokuchoma usipunguze sauti. Mwambie niko Bonabéri, namngoja aseme nije au nisije. Akisema nisije, nitakubali, ila nataka awe amelisema yeye akiwa anajua.

Hakuna mtu mwingine duniani wa kumsomea, Mama mdogo. Msomee yote.

Lum